Namba Iliyokataa Kugawika Nyuma ya Jiko

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Rasbura, Lindi, alikuwa anajenga banda la kuku, akaamua kulisiriba kwa udongo badala ya saruji. Mwanawe alipolimwagia maji lile rundo la udongo mweupe, harufu ikaruka ukuta ikanifikia nilipokuwa naanika nguo. Mnaijua harufu hiyo. Ni harufu ya mvua ya kwanza, ile inayowafanya wajawazito watamani kulamba ukuta. Wengine huipenda. Mimi iliniachisha kuanika. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati la mwanangu likinichuruzikia miguuni, na moyo ukaanza kunidunda vilevile ulivyodunda nilipokuwa na miaka kumi na miwili.

Nililelewa na mama mdogo. Mama yangu alikuwa Dar es Salaam akifanya kazi za ndani, nyumba ambayo haikuruhusu mtoto, kwa hiyo akaniacha kwa mdogo wake, Somoe. Mama mdogo alikuwa ameolewa katika kijiji kimoja cha vilima vya Umatumbi, njia ya kwenda Kipatimu, njia ambayo masika ikikolea hata bodaboda walikuwa wakisukuma pikipiki zao taratibu kama watu wanaopeleka mgonjwa hospitali. Mumewe, baba mdogo Athumani, alikuwa na shamba la mikorosho. Alikuwa mtu mpole, anayecheka kwa mabega tu bila sauti kutoka. Katika ua huohuo, nyumba ya pili, aliishi mama yake, Bi Mwajuma.

Bi Mwajuma nilimwogopa tangu siku ya kwanza. Si kwamba alipiga. Alikuwa anatazama. Ukipita na sahani anaitazama sahani, kisha anakutazama wewe, kisha anaitazama tena sahani. Nikimwamkia shikamoo alichelewesha ile marahaba yake mpaka nilikuwa nimeshafika mlangoni, nami nikilazimika kusimama kuisubiri.

Mchana mmoja, msimu wa korosho ukielekea ukingoni, nilitumwa ghalani kuchota mahindi. Nikiwa humo ndani gizani, debe mkononi, nikamsikia Bi Mwajuma nje akizungumza na jirani yake.

"Huu mwaka wa saba," alisema. "Mwaka wa saba, hata mimba ya kuharibika hamna. Yule ni tasa."

"Athumani anasemaje?"

"Athumani hana kauli. Nimeshamwambia, korosho zikiisha kuokotwa tunakaa kikao, arudi kwao. Na kile kitoto alichokuja nacho kiondoke naye."

Kile kitoto nilikuwa mimi. Nilisimama humo ghalani mpaka sauti zao zilipoondoka. Maneno mengine yote niliyaelewa. Neno tasa sikulijua. Nililichukulia kuwa jina la ugonjwa, wa aina ile isiyotajwa mbele ya watoto, na kwa siku mbili nilimchunguza mama mdogo akila, akitembea, akilala, nione unamshika wapi. Alikuwa mzima. Alikuwa akiimba huku akitwanga.

Siku ya tatu, darasani, Mwalimu Kassimu akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: NAMBA TASA.

Mwalimu Kassimu alikuwa kijana, amehamia kwetu mwaka uleule, na hesabu alizipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Alitueleza kwamba namba tasa ni ile isiyogawika kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Saba ni tasa. Kumi na tatu ni tasa. Kumi na tano si tasa, kwa sababu tatu inaigawa na tano inaigawa. Mvulana mmoja akauliza kwa nini zinaitwa hivyo.

"Kwa sababu hazizai," Mwalimu akasema. "Ukigawa hupati kitu kamili. Kama mwanamke asiyezaa, naye huitwa tasa."

Darasa likacheka. Mimi nilikuwa naitazama ile chaki mkononi mwake. Kumbe ndiyo maana yake.

Halafu akatuambia tuzidishe mbili kwa mbili, tupate nne, tuzidishe tena kwa mbili, tupate nane, na tuendelee hivyo mpaka tufikishe mbili kumi na saba. Tulipiga kelele pamoja naye, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne, mpaka sauti zikaanza kupotea mojamoja na mwisho akabaki yeye peke yake. Akafika laki moja, thelathini na moja elfu na sabini na mbili. Akaondoa moja. Ubaoni ikabaki 131,071.

"Hii nayo," akasema, "niliambiwa chuoni kuwa ni tasa. Kubwa namna hii, na hakuna inayoigawa."

Mimi sikuwa mtoto wa kuuliza maswali. Lakini nilijikuta nimesimama. "Mwalimu, na akitokea mtu akapata inayoigawa?"

Akanitazama kwa furaha, maana kwa kawaida tulimwomba tu ruhusa ya kwenda chooni. "Basi jina hilo litafutwa, Mwanaidi. Haitaitwa tasa tena."

Litafutwa. Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kigae. Msinicheke. Mtoto anayeogopa kufukuzwa hatafuti jambo lenye mantiki, anatafuta jambo analoliweza. Kikao cha wazee sikukiweza. Tumbo la mama mdogo sikuliweza. Kugawanya niliweza. Nikajiambia kwamba nikiipata namba moja tu ya kuigawa ile namba ya Mwalimu, jina litafutwa kwake na litafutwa kwa mama mdogo, na tutabaki.

Kesho yake nilimfuata Mwalimu ofisini, nikamuuliza nianzie wapi na niishie wapi. Yeye akadhani amepata mwanafunzi wa ajabu. Akanionyesha kwamba sina haja ya kujaribu namba zote. Kama ile namba ina vigawo viwili, basi kimoja lazima kiwe kidogo, kisichozidi mia tatu sitini na mbili, kwa sababu mia tatu sitini na tatu mara mia tatu sitini na tatu inapita. Na katika hizo, nijaribu zile tasa peke yake, kwa kuwa kama sita ingeigawa, mbili na tatu nazo zingekuwa zimeshaigawa. Akaniandikia zote kwenye karatasi. Zilikuwa sabini na mbili.

Daftari la hesabu nilikuwa nalo moja, la muhula mzima. Kwa hiyo nikaenda nyuma ya jiko. Jiko letu lilikuwa banda la fito na udongo, na mama mdogo alikuwa ndiyo kwanza amelisiriba upya kwa udongo mweupe, laini kama mkono wake ulivyopita. Ukuta wa nyuma ulitazama shamba la muhogo, hakuna aliyepita huko isipokuwa kuku. Nikachukua kipande cha mkaa nikaanza.

Mbili ikabakiza moja. Tatu, ikabaki moja. Tano, moja. Saba ikabakiza tatu. Kila alasiri, baada ya kuleta maji na kabla ya kuambua mihogo, nilifanya namba tano, siku nyingine sita. Nilipofika kumi na saba, ikaingia mara elfu saba mia saba na kumi, ikabaki moja tena. Ile moja iliniuma kuliko baki kubwa. Ilikuwa kama mtu aliyekufika mlangoni akageuka.

Na huku korosho zilikuwa zikimalizika. Kila jioni baba mdogo alirudi na magunia machache kuliko ya jana, nami nilikuwa mtoto pekee katika wilaya nzima ya Kilwa aliyeomba Mungu korosho ziendelee kuanguka. Bi Mwajuma akiniita nilikojoa kidogo, kweli, naona aibu hata leo kuandika. Siku moja mia moja na tisa ikagawa bila baki. Nilikimbia uani nikamwamkia Bi Mwajuma mara mbili kwa furaha, akanitazama kana kwamba nimelewa. Niliporudi kuhakikisha nikakuta nimesahau kuchukua moja. Baki ilikuwa hamsini na tatu. Nilifuta kwa kiganja, na ukuta ukabaki na doa jeusi.

Siku niliyofika mia mbili hamsini na saba, ikaingia mara mia tano na kumi, na ikabaki moja. Namba ya hamsini na tano kati ya sabini na mbili. Niliketi chini nikalia, paji la uso likiwa ukutani. Ndipo nikasikia kuku akitetea na miguu ya Bi Mwajuma ikija, maana alikuwa akitafuta mahali kuku huyo anapotagia. Nikajitupa ndani ya muhogo.

Aliinama, akanyanyuka, akauona ukuta.

Nataka muuone kama alivyouona yeye, mwanamke asiyejua kusoma, aliyewahi kuvaa hirizi na kuzifungua baadhi akakuta humo namba zimepangwa kwenye vyumba vyumba. Ukuta mzima wa nyuma ya jiko la mke wa mwanawe ulikuwa mweusi kwa namba. Mistari iliyopinda kama milango, namba imening'inia juu ya namba, alama za kukata, na lile doa la kiganja.

Alipiga yowe ambalo sijapata kulisikia tena. Majirani wakaja wakikimbia, wengine na mapanga wakidhani nyoka. "Tazameni!" alikuwa akisema. "Tazameni huyu mwanamke anavyotuandika! Ndiyo maana mwanangu hana kauli! Ndiyo maana hazai, tumbo lake kalifanyia kazi hii!"

Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale, kifudifudi, udongo mdomoni. Ningesimama niseme neno moja. Nilijua kwamba ningesimama niseme neno moja. Miguu haikusimama. Nilikuwa nimesikia mtoto wa kijiji cha pili aliyesemwa kuwa mchawi alivyofanyiwa, na nililala pale nikinuka mkojo wangu.

Mama mdogo akatokea kisimani, ndoo kichwani. Watu wakampisha. Aliutazama ukuta toka juu hadi chini, na nikaona maji yakimwagika kwenye ndoo yakimlowesha bega. Macho yake yakaenda kwenye muhogo. Sijui kama aliniona.

"Nani kaandika haya?" Bi Mwajuma akauliza.

"Ni mimi, mama," mama mdogo akasema.

Kikao kikaitishwa kesho yake asubuhi. Kiliongozwa na Mzee Nassoro, mjomba wa baba mdogo, mtu mfupi mwenye sauti ndogo ambaye kila mtu alinyamaza ili amsikie. Mikeka ikatandikwa uani. Mama mdogo aliketi pembeni, kanga imemfunika mpaka mdomoni. Usiku mzima hakuwa ameniuliza kitu. Alinipikia uji, akanisuka nywele kama mtu anayenitayarisha kwa safari, na vidole vyake vilikuwa baridi, kisha akaniambia nisogee, akalala na mimi.

Nilitakiwa niwe shuleni. Nilifika mpaka kwenye uzio wa shule, nikageuka, nikarudi nikikimbia. Niliingia uani kikao kikiwa katikati, nikapiga magoti mbele ya Mzee Nassoro.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mtoto, hapa wanakaa wakubwa."

"Zile ni hesabu," nikasema. "Niliandika mimi. Ni hesabu za shule, babu."

Bi Mwajuma akasema nimetumwa kusema hivyo. Mzee Nassoro akainua mkono. Akainuka, akanishika bega, watu wote wakatufuata nyuma ya jiko. Akaokota kipande cha mkaa chini akanipa.

"Kama ni zako, endelea."

Iliyofuata ilikuwa mia mbili sitini na tatu. Nne yangu ilitoka kama kiti kilichovunjika. Nilisikia pumzi za watu kisogoni. Niligawa, nikatoa, nikashusha, nikagawa. Ikaingia mara mia nne tisini na nane, ikabaki tisini na saba. Nikaandika baki, nikapigia mstari kama nilivyopigia zile nyingine zote. Mmoja wa vijana waliokuwa wamesoma akasema, "Kweli, mzee. Hii ni kugawanya tu."

"Unatafuta nini humu?" Mzee Nassoro akaniuliza. Hakuwa amekasirika. Alitaka kujua.

"Natafuta inayoigawa, babu. Ikigawika haitakuwa tasa."

Mzee Nassoro akachutama mbele yangu. "Neno hilo nani amekufundisha?"

"Mwalimu," nikasema. Halafu, kwa kuwa niliogopa sana kuacha kitu, nikasema chote. "Na bibi. Alisema mama mdogo ni tasa na korosho zikiisha tutaondoka. Nikataka jina lifutwe."

Nilimtazama mama mdogo nikiona nimemsaidia. Alikuwa amejifunika kanga uso mzima. Bi Mwajuma alitazama chini, mara ya kwanza nilipomwona hatazami mtu.

"Athumani," Mzee Nassoro akasema, "wewe una neno?"

Baba mdogo alikuwa amesimama mwisho wa watu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na midomo yake ilifunguka mara mbili kabla haijatoa kitu. "Mwacheni mtoto," akasema. Ndiyo hayo tu. Akageuka akaenda shambani.

Kikao kikavunjika bila uamuzi, isipokuwa kwamba ukuta usiribwe upya kabla ya jua kuzama, maana watu wasingepita kwa amani. Mama mdogo akachota udongo mweupe, akaumwagia maji, akaanza kuukanyaga kwa miguu. Mimi nilisimama kando nikisubiri kipigo.

"Zimebaki ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na sita."

"Basi malizia, kabla sijapaka."

Alikanyaga udongo, mimi nikagawanya. Baada ya muda akaja akasimama nyuma yangu. Alikuwa amesoma mpaka darasa la tatu, na nikaona kwamba anafuata, midomo ikicheza, mara nyingine akiwahi baki kabla yangu. Hofu haikuwa imeniacha. Ilikuwa imehamia mahali pengine, kwenye zile namba chache zilizobaki, na nadhani naye ilikuwa imemshika, kwa sababu tulipofika mia tatu arobaini na tisa alisema bismillahi kwa sauti. Ikabaki mia moja tisini na sita. Mia tatu hamsini na tatu ikabakiza mia moja na nane. Ya mwisho, mia tatu hamsini na tisa, ikabakiza thelathini na sita.

"Haikugawika," nikasema.

"Nimeona," akasema. Akachota udongo kwa mikono miwili akaanza kupaka, toka kona ya juu, taratibu, mpaka namba zote zikaisha.

Korosho zilipomalizika tuliondoka. Hakuna aliyetufukuza. Mama mdogo mwenyewe alifunga mabegi, tukapanda gari la kuja Lindi, na baba mdogo akatusindikiza mpaka barabarani akiwa amebeba godoro, mabega yakimtikisika nikidhani anacheka. Kwa miaka mingi niliamini kuwa mimi na ile namba ndio tulioivunja nyumba ile. Kwamba ningeishia mia mbili hamsini na saba, pale palipobaki moja, tungekuwa tumeponea hapohapo. Sekondari nilipofundishwa kwamba namba tasa hazina mwisho, kwamba hata uikute kubwa namna gani iko nyingine mbele yake, niliomba ruhusa nikaenda kutapika. Mwalimu wa kike akaniuliza kama ni malaria.

Nilikuwa tayari na mtoto wangu wa kwanza mama mdogo aliponieleza sehemu ya baba mdogo. Jioni ya siku ile ya kikao mumewe alikuwa amemwambia kwamba yeye alishapimwa hospitali, miaka minne nyuma, na tatizo lilikuwa lake. Miaka minne alikuwa amejua, na akamwacha mkewe aitwe jina lile. "Kutozaa ningevumilia," mama mdogo aliniambia. "Lakini alisimama pale mwisho wa watu wananiita mchawi, na bado hakusema."

Nilidhani hapo ndipo nimemaliza kuelewa. Lakini jioni ile ya wiki iliyopita, baada ya kuanua nguo, nilitembea mpaka kwa mama mdogo, mitaa miwili kutoka kwangu. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: siku ile alijuaje kwamba ni hesabu?

"Sikujua," akasema.

"Ulisema ni wewe."

"Niliona saba zako, zile ulizokuwa unazitia mkia. Nikajua ni mkono wako. Lakini hesabu sikujua. Niliona kama alivyoona Bi Mwajuma. Nikasema mtoto huyu amejifunza mambo mahali, ameroga watu kwa ajili yangu." Akapuliza makapi. "Usiku ule nilivyokusuka, Mwanaidi, nilikuwa nakuogopa mpaka vidole havishiki nywele."

"Na ukaniambia nisogee ulale na mimi."

"Sasa ungelala na nani?"

Akaendelea na mchele wake. Nilikaa kando yake nikimsaidia kutoa chenga. Tangu utotoni nilijua kwamba mama mdogo alinikinga siku ile. Nilikuwa sijui kwamba alinikinga huku akiamini kila neno walilokuwa wakilisema juu ya ukuta ule.